Jini wa Maji na Vita vya Rihani

Aliyenipa habari hii aliipokea kwa mwingine, na huyo mwingine aliipokea kwa bibi yake, nao hawakuafikiana juu ya mambo mengi, ila juu ya hili walikuwa na kauli moja: kwamba mji wa Jauhari ulijengwa juu ya jabali lisilo na kisima hata kimoja, na kwamba katika zama hizo aliutawala Sultani Fakhruddin bin Munir, mtu mpole wa maneno, mpenzi wa mawaridi na sataranji, ambaye hakuwahi kupigana vita wala hakutamani kupigana. Na mji wake ulikuwa tajiri kuliko miji yote ya upande ule wa dunia, wenye hamamu katika kila mtaa, na bustani juu ya madari ya nyumba, na chemchemi katika kila ua, hata msafiri aliyefika akitokea jangwani alijishika usoni kuhakikisha kwamba bado yu hai.

Maji hayo yote yalitoka katika kijito kilichopita bondeni, ngazi mia tisa chini ya lango la mji, na kazi ya kuyapandisha ilikuwa ya jini mmoja aitwaye Ghaithani, aliyefungwa kwa pete ya akiki, na pete hiyo haikumtii mtu isipokuwa wa damu ya Sultani. Kila alfajiri Ghaithani alishuka bondeni, akayakunja maji kama mtu akunjavyo shuka, akayaweka mabegani, akapanda nayo na kuyagawa katika mabirika ya mji, kisha akaketi nyuma ya jabali mpaka kesho yake. Na watu walikuwa wamemzoea hata hawamwoni tena, na mtoto wa Jauhari akiulizwa maji yanatoka wapi, alijibu, "Yanatoka ukutani."

Mwendo wa siku saba mashariki ya Jauhari palikuwa na nchi ndogo iitwayo Rihani, ya mabonde manne na mji mmoja, na watu wake walikuwa wakulima wa makomamanga na wafugaji wa nyuki, wabishi, wapenda mizaha, wenye kugombana wao kwa wao kila siku ya soko. Na ng'ambo ya mto wao, uitwao Zarka, ilianza nchi ya Mfalme Qahari, iliyokuwa kubwa hata yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mwisho wake. Mfalme huyu alikuwa na jeshi la wapanda farasi wa shaba elfu tatu, farasi wa shaba na mpandaji wa shaba, waliofuliwa na mafundi wa uchawi, na tumboni mwa kila mmoja palikuwa na kaa la moto, na kwa nguvu ya moto huo walikwenda bila kula wala kulala.

Basi siku moja Mfalme Qahari akawaandikia watu wa Rihani barua, akasema, "Babu za babu zenu walikuwa watunza mazizi ya babu ya babu yangu. Rudini kazini."

Barua ikasomwa sokoni, na watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakaenda wote, wanaume kwa wanawake, kujenga ukuta katika Kilango, ile njia nyembamba kati ya milima miwili iingiayo nchini mwao. Farasi wa shaba wakavuka Zarka, wakafika Kilangoni, wakaanza kuugonga ukuta kwa vifua vyao, mchana na usiku, bila haraka, kama watu watwangao nafaka. Na kila jiwe lililoanguka watu walilirudisha, na kila aliyelirudisha hakuwa na hakika kwamba atalirudisha la pili.

Mtawala wa Rihani, Shekhe Taufiki, alikuwa amekwisha kutuma wajumbe wawili Jauhari kuomba msaada, watu wa ukoo na wenye ufasaha, na wote wawili walikamatwa njiani. Akamwita Nadhiri bin Sahali, mchimba visima, mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye mikono mipana na sauti ya chini, kwa kuwa yeye peke yake aliujua mfereji wa kale upitao chini ya mlima na kutokea upande wa pili.

Nadhiri akasema, "Shekhe, mimi sijui kusema mbele ya masultani."

Shekhe akamjibu, "Waliojua kusema wamekamatwa. Wewe unajua kutoka."

Basi Nadhiri akamuaga mama yake, Bi Ghanima, na ndugu yake mdogo, Anisi, ambaye alikuwa na zamu ukutani, naye Anisi akamwambia, "Kaka, nasikia huko wana hamamu zenye mvuke wa waridi. Usije ukakawia." Wakakumbatiana, Nadhiri akaingia mferejini kwa magoti, akatokea ng'ambo siku ya pili, akatembea siku saba mpaka Jauhari.

Walinzi wa lango walimpokea kwa heshima, kwa kuwa watu wa Jauhari hawakuwa watu wabaya. Akaogeshwa, akavishwa joho, akalishwa wali wa zabibu na nyama ya kondoo, na kila alipotaka kueleza shida yake waliambiana, "Mwacheni ale kwanza." Siku ya tatu akaitwa mbele ya Sultani na mawaziri wake wote.

Akasema, "Maulana, Mungu akuzidishie umri. Mimi ni mchimba visima, na hotuba niliyofundishwa nimeisahau njiani, kwa hiyo nitasema nilivyoona. Farasi wa shaba wanagonga ukuta wetu. Tulikuwa watu mia nane ukutani nilipoondoka. Sijui wamebaki wangapi. Tunaloomba ni jini Ghaithani. Wazee wetu husema kwamba pete yake zamani ilikuwa yetu, ila hatuna karatasi, wala sikuja kubishania hilo. Nimekuja kuomba tu."

Sultani akamgeukia Waziri wake mkuu, Mundhiri bin Sharafi, aliyemtumikia baba yake kabla yake, mzee mwenye akili na asiye na roho mbaya. Waziri akasimama, akasema, "Maulana, masikitiko ya mtu huyu yamenigusa. Lakini Sultani amewekwa na Mwenyezi Mungu juu ya watu wake kwanza. Jini huyu ndiye maji ya mji. Tukimtoa, wagonjwa wetu, wajawazito wetu na wazee wetu watashuka ngazi mia tisa kwa ajili ya ugomvi usiokuwa wao. La pili, Mfalme Qahari hajatugusa. Tukimchokoza, atakapomalizana na Rihani atatuelekea sisi. La tatu, leo tukimpa huyu, kesho kila nchi ndogo yenye jirani mbaya itapiga hodi hapa. Na tuwapelekee ngano, na mablanketi, na dawa, na barua nzuri."

Mawaziri wengi wakaitikia kwa vichwa. Sultani akamtazama Nadhiri, akamuuliza, "Unasemaje, ewe mgeni wetu?"

Nadhiri akajibu, "Ngano tutakula, Maulana, na tutashukuru. Mablanketi tutawafunika watoto. Lakini farasi wa shaba hawali ngano wala hawasikii baridi. Wataendelea kugonga."

Hapo akainuka Sitti Durra, dada wa Sultani, mjane wa miaka thelathini, ambaye kazi yake katika ufalme ule ilikuwa kulinda Nyumba ya Ahadi. Na katika nyumba hiyo hapakuwa na vitabu, bali palikuwa na kasuku mmoja wa kijani, aitwaye Shahidi, aliyeishi tangu enzi za masultani sita, na kila kiapo kilichoapwa na sultani kiliapwa mbele yake, naye hukitoa tena kwa sauti ileile ya aliyekiapa. Sitti Durra akamleta juu ya mkono wake, akamwambia, "Shahidi, kiapo cha Rihani."

Kasuku akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya Sultani Munir, aliyekufa miaka ishirini iliyopita: "Enyi watu wa Rihani, mnayo pete ya Ghaithani, na jirani zenu wanaihofia, na hofu yao itawaletea vita. Nipeni mimi pete hiyo niiunganishe na damu yangu, nanyi mkae bila silaha na bila wasiwasi. Nami naapa kwa Mola aliyeziinua mbingu, kwamba atakayevuka Zarka kwa upanga atanikuta mimi mbele yake, au mwanangu, au mwana wa mwanangu."

Sultani Fakhruddin aliposikia sauti ya baba yake aliondoka kitini akasimama wima, kama alivyokuwa akisimama alipokuwa mtoto, na ukapita muda kabla hajakumbuka kuketi. Nadhiri naye aliduwaa, kwa kuwa maneno ya wazee aliyokuwa akiyadhani ni hadithi za kulalia yalikuwa kweli.

Waziri Mundhiri akasema kwa upole, "Ni ahadi ya marehemu, Maulana, Mungu amrehemu. Aliiapa wakati Qahari hana hata farasi mmoja wa shaba."

Sitti Durra akamjibu, "Pete ni ya leo, Waziri. Na maji uliyotawadhia asubuhi ni ya leo."

Basi baraza likabishana mpaka adhuhuri, na mwisho Waziri akatafuta njia ya katikati, akapendekeza kwamba jini apelekwe pamoja na ngano, lakini kwa masharti matatu: awe ngao tu wala asimpige mtu; asiuguse mto Zarka, kwa kuwa Mfalme Qahari anadai kwamba mto ni wake; wala asikanyage ng'ambo. Sultani akafurahi sana kwa shauri hilo, maana aliona kwamba atakuwa ametimiza kiapo cha baba yake na hajamchokoza mtu. Na kwa kuwa pete ilihitaji mtu wa damu ya Sultani, Sitti Durra akasema, "Nitaivaa mimi," na hapakuwa na aliyemzuia.

Sultani akamuuliza Nadhiri, "Umeridhika?"

Nadhiri akasema, "Nimeridhika, Maulana, kwa leo."

Basi Ghaithani akaitwa, akaja akiwa mrefu kama mnara, rangi yake kama wingu la masika, na nywele zake zikitiririka maji, akasikiliza masharti yake matatu bila kusema neno. Akawaweka Nadhiri na Sitti Durra begani, na mwendo wa siku saba akaumaliza kwa muda wa kuchemsha birika la kahawa. Akalala kifudifudi katika Kilango, mlima hadi mlima, na farasi wa shaba wakaja wakamgonga mbavuni, wakavunjika miguu na shingo, na waliosalia wakarudi nyuma ya mto. Watu wa Rihani wakapiga vigelegele, wakamrushia jini maua ya makomamanga, na Anisi akapanda mgongoni mwa jini akacheza huko juu mpaka mama yake akamfokea ashuke.

Mfalme Qahari alikuwa dhalimu, ila hakuwa mjinga. Siku tatu aliketi ng'ambo ya Zarka akimtazama jini, na akaona kwamba jini hapigi mtu, wala haugusi mto, wala havuki. Siku ya nne akawapanga farasi wote ukingoni mwa upande wake wa mto, mahali ambapo hawawezi kufikiwa, na nyuma yao akasimamisha manjaniki, ile mitambo mikubwa ya kurushia mawe, akaipakia vyungu vya lami iwakayo, akaanza kuvirusha juu ya mgongo wa jini, viangukie mjini. Ghaithani alividaka alivyoweza. Lakini jini ana mikono miwili, na mitambo ilikuwa arobaini.

Mji ukaanza kuungua. Liliungua soko, ikaungua shule, yakaungua mashamba ya makomamanga ya bonde la kwanza na la pili. Sitti Durra alivaa nguo za watu wa kule akajifunza kuzima lami kwa mchanga, na mikono yake, iliyozoea kumlisha kasuku lozi, ikatoka malengelenge. Siku ya kumi na tisa chungu kimoja kikaangukia ghala la ngano, ileile ngano iliyoletwa kutoka Jauhari, na Anisi akaingia na wenzake wanne kuokoa magunia, na paa likawaangukia. Wakazikwa alasiri ileile.

Sitti Durra alikaa matanga na Bi Ghanima siku tatu, na Nadhiri hakukaa, alikwenda kusimama karibu na sikio la jini, ambalo lilikuwa pana kama mlango wa msikiti, akamuuliza, "Ewe Ghaithani, kama usingefungwa na masharti, ungefanya nini?"

Jini akasema, "Ningeuinua mto."

"Ungeuinua?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, kuinua maji. Miaka arobaini naifanya. Ningeuinua Zarka wote, nikaumwaga juu ya wale farasi. Wana moto matumboni. Moto ukizimika wanakuwa masufuria."

Nadhiri akauliza, "Tangu lini ungeweza kufanya hivyo?"

"Tangu siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana."

"Na mbona hukusema?"

"Niliambiwa nisiuguse," alisema Ghaithani. "Hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo."

Nadhiri akaenda akamweleza Sitti Durra, naye akainuka katika matanga, akaandika barua kwa mkono uliofungwa kitambaa, akaituma kwa njiwa. Na maneno ya barua yalikuwa haya: "Ndugu yangu, masharti uliyotufunga nayo Mfalme Qahari ameyasoma vizuri kuliko sisi, na anayatumia kama ngazi. Tufungue, au mrudishe jini wako nyumbani, watu hawa wajue kwamba wako peke yao na wafanye shauri lao. Mimi sitarudi naye."

Sasa turudi Jauhari. Tangu jini alipoondoka chemchemi zilikauka, mawaridi yakapukutika, hamamu zikafungwa, na watu wakashika mitungi, wakashuka bondeni ngazi mia tisa na kupanda ngazi mia tisa. Wiki ya kwanza walifanya kwa nyimbo, na mabinti wa matajiri walishindana nani atabeba mtungi mkubwa zaidi, na juu ya lango wakatundika bendera ya Rihani. Wiki ya pili nyimbo zikapungua. Wiki ya tatu mtu mmoja aliteleza akavunjika nyonga, na watu wakaanza kuulizana, "Hivi hao Warihani ni ndugu zetu wa wapi?" Na bendera ikachanika kwa upepo, na hakuna aliyeishona.

Siku njiwa alipofika, Sultani alikuwa na karatasi mbili nyingine mezani. Moja ilikuwa ombi la wafanyabiashara wa hariri, lenye sahihi nyingi, wakitaka jini arudishwe. Ya pili ilikuwa ya Mfalme Qahari mwenyewe, imeandikwa kwa adabu, isemayo, "Nimeheshimu kijito chako. Heshimu mto wangu. Ukiguswa, nitakuja kukutembelea."

Waziri Mundhiri akasema, "Maulana, mimi ni mzee na siogopi kifo changu. Naogopa kuviona vile vifua vya shaba kwenye lango letu, na jini wetu yuko mbali. Naomba ufikiri."

Sultani akasema, "Nitafikiri." Akachukua mtungi wa shaba kutoka jikoni, akateremka ngazi kwa miguu yake, bila mwavuli na bila wapambe, wala hakujibadilisha nguo, na watu wakampisha wakimkodolea macho. Akachota maji, akaanza kupanda. Alipofika ngazi ya mia nne akaketi, na kando yake alikuwa ameketi mwanamke mnene mwenye mitungi miwili na furushi la nguo, akihema. Mwanamke huyo aliitwa Bi Maftuha, mfua nguo wa mtaa wa wafinyanzi, na katika mji mzima hapakuwa na aliyeumizwa na ukosefu wa maji kuliko wafua nguo.

Sultani akamwamkia, akamuuliza, "Bi mkubwa, unanijua?"

"Nakujua, Maulana. Shuka zako nafua mimi."

"Basi niambie bila kuogopa. Nimrudishe jini?"

Bi Maftuha akajifuta jasho kwa upindo wa leso, akasema, "Maulana, nazichukia ngazi hizi. Nikilala naziota. Na wewe pia, unisamehe, siku nyingine nakuchukia kidogo. Lakini hebu niambie, wale watu bado wapo?"

"Bado wapo."

"Na wale farasi?"

"Nao wapo. Wamerudi nyuma ya mto, wanarusha moto."

"Na jini wetu anafanya nini?"

"Anadaka."

"Anadaka!" Bi Maftuha akamtazama Sultani kama atazamavyo doa lililokataa kutoka. "Siku ishirini na nne nabeba mitungi ili jini adake? Maulana, mimi sikusoma. Kama si shida yetu, mrudishe leo, niwashe jiko langu nifue, na wale Mungu atawaangalia. Na kama ni shida yetu, basi imalize. Lakini jambo hili la kuwasaidia wasife upesi, huku sisi tunavunjika magoti na wao wanaungua, sijui limemfaa nani. Labda limekufaa wewe, upate usingizi."

Sultani hakukasirika. Akamtwisha mwanamke yule mtungi mmoja, wa pili akaubeba yeye pamoja na wake, wakapanda polepole mpaka langoni, na nusu ya maji ya Sultani yalikuwa yamemwagika kanzuni.

Akaingia barazani akiwa amelowa vile vile, akaita mwandishi, akamwambia, "Andika. Masharti yote matatu nimeyaondoa."

Waziri Mundhiri akasema, "Na akija hapa?"

Sultani akasema, "Akija hapa atatukuta, Waziri. Ndivyo baba alivyoapa. Mimi nilitimiza nusu tu."

Njiwa akaruka, na siku ya ishirini na sita tangu jini afike Kilangoni, saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda na hewa ikinuka lami, Sitti Durra akaisoma barua, akaigeuza pete kidoleni, akasema, "Ghaithani, uinue."

Jini akasimama. Akaushika mto Zarka kwa mikono yote miwili, chini pale unapopinda, akaukunja kama akunjavyo kijito cha Jauhari kila alfajiri, samaki na mawe na matope, mpaka mkondo wa mto ukaonekana mtupu kama barabara, na maji yote yakawa mabegani mwake, yakiziba jua. Watu wa Rihani wakaingiwa na hofu, na hata Nadhiri aliyeliomba jambo hilo akarudi nyuma hatua kadhaa. Kisha Ghaithani akavuka, akamimina.

Wanasema sauti yake ilikuwa kama ya chuma cha moto kinapotiwa ndooni, mara maelfu kwa pamoja. Mvuke ukapanda ukafunika mabonde yote manne, na ulipoondoka, farasi wa shaba walikuwa wamesimama mahali pao, kila mmoja na mguu aliokuwa akiuinua, wamezimika, na manjaniki zimechukuliwa na maji. Mfalme Qahari akaonekana akipanda kilima kwa miguu, bila taji, na askari wake wenye damu na nyama wakimfuata, ila wengi wao walikuwa wamekufa maji, na walikuwa vijana walioletwa bila kuulizwa. Bi Ghanima aliwaona wakielea, akasema, "Nao wana mama zao," akarudi ndani. Hilo nalo lilitokea siku ya ushindi, na si haki kulificha.

Baada ya miezi miwili Mfalme Qahari akatuma wajumbe, na amani ikaandikwa kwamba Zarka ni mpaka, na kila upande utakunywa upande wake. Na farasi wa shaba wakayeyushwa, wakafanywa sufuria, kengele na mabomba, na watu wa Rihani wakapata utajiri mkubwa kwa shaba hiyo, wakapanda upya makomamanga yao.

Ama Nadhiri, alimwendea Sitti Durra siku moja, akamkuta anafunga mizigo ya kurudi Jauhari, akamwambia, "Sitti, mimi ni mchimba visima, na nina mama mmoja na nyumba isiyo na paa."

Sitti Durra akasema, "Nami ni mjane niliyekaa miaka kumi na miwili nikimsikiliza kasuku. Ulitaka kuniambia nini?"

Akamwambia, na Sitti Durra akafungua mizigo yake. Na kwa kuwa pete ilikuwa kidoleni mwake, ikaandikwa katika mkataba kwamba atakaa nayo Rihani, na kwamba jini atakwenda Jauhari kila Alhamisi kujaza mabirika, na siku ambazo mabirika yatakauka kabla ya Alhamisi watu wa Jauhari watashuka ngazi kama walivyozoea. Wafanyabiashara wa hariri walinung'unika, na kwa habari nilizonazo bado wananung'unika.

Sultani Fakhruddin akaja Rihani kwa harusi, na msafara wa ngamia mia wenye zawadi, na watu wakajipanga njiani wakimtupia maua na kumwita Mwokozi. Yeye alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Alipokwisha kula akaomba apelekwe kwa mama wa bwana harusi, akampelekee salamu. Bi Ghanima akamtoa nje ya ua, akamchukua kwa mkono mpaka kwenye makaburi matano yaliyo sambamba, yenye majani machanga, akamwonyesha la katikati.

"Huyu ni Anisi wangu," akasema. "Siku ya kumi na tisa."

Sultani akasoma jina, akasoma na majina ya kando yake.

Bi Ghanima akasema, "Maulana, mimi nakushukuru. Kama hukuja, tungekuwa wote hapa. Na ulichelewa. Nakwambia yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli, na huko ndani watakwambia moja tu."

Sultani akasema, "Nimesikia, mama yangu." Wakasoma fatiha, wakarudi karamuni, na ngoma zilikuwa zimeanza, na bibi harusi alikuwa anawatafuta.

Hii ndiyo habari ya Jauhari na Rihani kama nilivyopewa. Wako wanaosema Sultani alifanya sawa, na wako wanaosema asingejiingiza kabisa, na mimi niliyeisimulia sikuwapo wala sikubeba mtungi. Ninalosema ni hili: mwenye nguvu akimwambia mnyonge, "Nipe silaha yako, nitakulinda," basi ulinzi huo si hisani tena, ni deni la heshima, na anayeamua kumsaidia aliyevamiwa, na amsaidie ili vita viishe, si ili yeye mwenyewe aonekane amesaidia. Waliofunga ndoa wakaishi, waliokufa Mungu awarehemu, nasi tuliosikiliza tuondoke salama.